Ofisini mchana, asaimenti usiku: laptopu ninunue sasa au ningoje?

Msomaji mmoja wa Likoni, Mombasa, ameniandikia, nimemfupisha kidogo:

"Mwalimu shikamoo. Nasoma diploma ya ununuzi na ugavi, ule mfumo wa kusoma huku unafanya kazi. Jumatatu mpaka Alhamisi niko ofisi ya kliaringi (ya kutoa mizigo ya watu bandarini) Moi Avenue, Ijumaa chuoni, na jioni mbili kwa wiki tuna darasa la Zoom. Sina laptopu. Nimekuwa nikifanya asaimenti kwa kompyuta ya ofisi watu wakishatoka, juzi bosi akanikuta akanambia hapa si saiba. Asaimenti mbili zishanipita. Nina akiba ya elfu 18, shangazi anasema nikope zilizobaki kwa app ninunue laptopu mpya. Nifanye nini, na hawa wenzangu wanaweza vipi vyote viwili?"

Marahaba mwanangu. Naanza na mkopo manake hilo ndilo linaweza kukuumiza wiki hii hii. Usikope kwa app. Mikopo mingi ya simu inataka kurudishwa ndani ya mwezi au hata chini yake na riba inakimbia, na wewe saa hii unaishi kwa posho, kama hiyo posho yenyewe ipo. Kipato cha mwanafunzi aliye atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, hakina tarehe ya kuaminika, leo bosi amekupa ya nauli, mwezi ujao anakwambia kazi imelala. Deni la aina hiyo nimeliona likimtoa mtu darasani kabisa, manake anaanza kukwepa chuo atafute vibarua alipe app, sasa laptopu anayo lakini masomo hana. Shangazi yako anakutakia mema na hajakosea kuona kwamba unahitaji mashine, ni njia tu ndo ina hatari. Elfu 18 zako ziache hapo zilipo kwanza, ntakwambia zitumike vipi huko chini.

Kabla ya kununua chochote nataka ukae na karatasi uandike kila kazi ya chuo uliyopewa tangu muhula uanze, halafu pembeni ya kila moja uandike: hii inataka kompyuta kweli au naweza kwa simu? Fanya kwa uaminifu. Wanafunzi wengi wakifanya hivi wanashtuka. Kusoma noti, kuhudhuria Zoom, kujibu kwenye foramu, kuandika insha ya kurasa mbili tatu, hizo zote simu inamaliza. Google Docs kwenye simu inahifadhi yenyewe kila unapoandika, na faili ukiiwekea alama ya kutumika bila mtandao unaendelea hata bando likikata. Word ya simu pia ni bure kuhariria na inatoa faili ile ile lekchara anataka. Kama chuo chenu kinatumia Moodle, ule mfumo wa masomo wa mtandaoni, pakua app ya Moodle, ukiwa kwenye waifai ya chuo Ijumaa shusha noti za wiki nzima zikae ndani ya simu, usiwe unalipia bando kila siku kusoma kitu kimoja.

Vinavyotaka kompyuta kweli kwa kosi yako naweza kuvitaja: Excel, manake hesabu za stoku na makadirio ya oda kwa kioo cha simu ni mateso, halafu ripoti ya mwisho yenye jedwali na yaliyomo na namba za kurasa, na prezentesheni. Basi. Kwa wiki ya kawaida hizo ni saa chache, na saa chache zinapatikana bila kununua. Ijumaa uko chuoni, maabara ya kompyuta iko, lakini najua watu wanavyofanya, wanafika saa mbili wanaingia darasani, saa saba swala na chakula, saa nane wanapiga stori, saa kumi wanakimbilia feri. Geuza hiyo. Maabara iwe miadi, uingie ukijua leo nakuja kumaliza jedwali la swali la tatu, si kuja kuangalia angalia. Halafu uliza ofisi ya ICT ya chuo chenu kama mna eduroam, huu mtandao wa vyuo ambao hapa Kenya unaendeshwa na KENET. Ukishakuwa na akaunti ya chuo chako, simu inaunganika yenyewe ukifika kampasi yoyote nyingine iliyo na eduroam, hata kama si chuo chako, na hapa mjini kampasi si haba. Yaani unatoka ofisini unapita kampasi ya karibu, unapakia kazi yako, unaenda zako feri.

Sasa hii ya bosi. Amekwambia kwa ukali lakini yuko sawa, na nataka uelewe sababu, manake ukiielewa utajua pia namna ya kumwomba. Kompyuta ya ofisi ya kliaringi si kompyuta tu. Ndani yake kuna entri za forodha, ankara za wateja, bili za meli, PIN za kodi za watu za KRA, na mara nyingi mtu ameacha paswadi za mfumo wa forodha zimejihifadhi kwenye brauza. Wewe unachomeka flashi uliyoitumia jana saiba, ile flashi ina kirusi, hiki cha kugeuza mafolda yote kuwa shotikati, kesho asubuhi dokumenti za kontena haziwezi kufunguka. Siku za bure bandarini zikiisha storeji, yaani ada ya mzigo kukaa bandarini, inaanza kuhesabiwa, na kampuni ya meli nayo inadai ya kwake, na mteja hatamuuliza mwanafunzi, atamuuliza bosi. Hapo utaona kwamba hakukuchukia. Aliogopa.

Kwa hiyo usiendelee kujificha. Mwendee asubuhi, si jioni akiwa amechoka, wala si siku meli imefunga gati. Mwombe radhi kwa ufupi halafu umpe ombi lenye mipaka, mfano: "Bosi, naomba Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni, kompyuta moja ambayo haina mifumo ya forodha, nifunguliwe akaunti yangu peke yangu, sitachomeka flashi, kazi yangu naipeleka Google Drive." Ombi la namna hiyo ni rahisi kukubalika manake limejibu woga wake kabla hajausema. Akikataa, amekataa, shukuru na usiguse tena. Na akikubali, heshimu saa, ikifika saa kumi na mbili funga hata kama sentensi haijaisha. Ukishamaliza toka kwenye akaunti ya Google, usiifunge tu dirisha, ingia kwenye menyu utoke kabisa, manake ofisi ni ya watu wengi na asaimenti yako mwenzako anaweza kuifuta bila kujua.

Jambo ambalo nalitaka uliweke moyoni kuliko yote, na hili ndilo jibu la swali lako la mwisho la hawa wengine wanaweza vipi: wanaoweza ni wale kazi yao ya mchana inawalisha asaimenti zao za usiku. Wanaoshindwa wana maisha mawili, wanatoka ofisini wanaanza upya na kichwa kitupu, "sasa niandike nini kuhusu usimamizi wa stoku". Mwanangu wewe umekaa siku nzima katikati ya ugavi wenyewe! Lekchara anauliza sababu za mzigo kuchelewa, wewe juzi umeona kontena limekaa kwa sababu cheti kimoja cha ubora kilichelewa. Hiyo ndiyo asaimenti. Mwenzako aliyebaki darasani atakopi kwenye intaneti, wewe utaandika kitu ulichokiona.

Lakini hili halitokei lenyewe, linataka logibuku, lile daftari la kazi ulizofanya, iandikwe kila siku. Si kila wiki. Iwe ya chuo au ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, andika kabla hujatoka ofisini, dakika kumi zinatosha. Nimesoma logibuku nyingi mno na nyingi zinasema hivi: "Nilisaidia kazi za ofisi. Nilijifunza mengi." Hiyo haikusaidii kitu, wala lekchara akija kukukagua hana la kukuuliza. Andika hivi: "Leo nililinganisha orodha ya vifurushi na ankara ya mzigo wa vipuri. Ankara ilisema katoni 120, orodha ikasema 118. Supavaiza alinionesha kwamba lazima tumuulize mteja kabla ya kuingiza entri, manake tofauti hiyo ikigunduliwa wakati wa ukaguzi mzigo unasimama." Mistari mitatu minne, lakini ndani yake kuna kazi, kuna tatizo, na kuna ulichojifunza. Mwisho wa wiki supavaiza anasoma, anatia sahihi, na wewe una malighafi ya ripoti nzima. Anayengoja wiki ya mwisho kuandika ripoti anakaa usiku kutunga, na inajulikana tu.

Na kama kosi yenu iko chini ya CBET, ule mfumo wa kupima umahiri wa kazi, unaotahiniwa na baraza la TVET CDACC, basi mnatakiwa pia kukusanya ushahidi wa kazi mlizofanya, ile potifolio. Hapa nakuonya sana. Usipige picha dokumenti za wateja ukaziweka kwenye potifolio au kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Jina la mteja, PIN yake, thamani ya mzigo wake, hivo si vyako kuvitoa, na Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, ofisi inaweza kuwajibishwa kwa picha yako moja. Mwombe supavaiza fomu tupu ujaze kwa majina ya kubuni, au nakala ambayo majina na namba zimefutwa kabisa, si kufunikwa na rangi ya kupaka kwa simu ambayo ukiongeza mwangaza maandishi yanaonekana. Na uwe na ruhusa yake ya maandishi, hata ya meseji.

Tuje kwenye saa. Unaishi Likoni, unavuka kila siku, na wewe ndo unajua feri ya jioni ilivyo. Ukifika nyumbani ushachoka, na siku za Zoom unaingia darasani na njaa. Ushauri wangu ni usipange kazi nzito ya kuandika usiku siku za ofisi. Usiku ni wa Zoom na kusoma kwepesi, ulale. Kazi ya kichwa iweke alfajiri, ukishaswali usirudi kitandani, una saa moja au moja na nusu ambayo nyumba imetulia, hakuna anayekutuma dukani, na kichwa kimepumzika. Siku nne za namna hiyo ni kama saa tano, asaimenti ya kawaida inamalizika humo. Kwenye foleni ya feri weka eafoni sikio moja, sikiliza rekodi ya darasa iliyoshushwa, lakini simu yenyewe iache mfukoni mwa mbele au ndani ya mkoba uliofungwa, ule msongamano wa kushuka kwenye pantoni si mahali pa kutoa simu kusoma noti.

Bando: Zoom ya kundi yenye video inaweza kula MB 800 mpaka zaidi ya GB moja kwa saa, na ndiyo inayowamalizia wanafunzi hela. Zima video yako, na kwenye Zoom kuna pia kitufe cha kuzima video zinazoingia, ukibaki na sauti na slaidi za mwalimu matumizi yanashuka sana. Sauti peke yake haifiki hata MB 100 kwa saa. Mwambie lekchara mapema kwamba unazima kamera kwa sababu ya data, walimu wengi wanaelewa ukisema kabla, wanakasirika tu wakidhani umelala.

Na kalenda. Ofisi za kliaringi zina mawimbi, kuna siku meli mbili tatu zimefunga na mnatoka saa moja usiku, na kuna siku mnakaa. Ukiona mawimbi yanakuja, yaani dokumenti za mzigo zinaanza kuingia, siku hizo uwe ushamaliza ya chuo. Tarehe ya chuo ya kupeleka asaimenti ichukulie kama imekuja siku mbili kabla. Ukipeleka usiku wa mwisho, stima inapotea, au mtandao wa chuo umejaa watu wote wanapakia saa ile ile, na mfumo unaangalia saa ya sava, hauangalii kwamba ulikuwa njiani. Ukishapeleka, piga skrinshoti ya ule ukurasa unaosema imepokelewa, tarehe na saa zionekane.

Sasa elfu 18 zako. Ukishafanya ile karatasi na ukapita wiki kadhaa na bado unaona kompyuta inakukwamisha, nunua iliyotumika, tena kwa pesa taslimu ulizojazia pole pole kutoka kwa akiba au pesa za HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi, kama unapata. Hizi eksi-UK, yaani zilizotumika Uingereza, kama ThinkPad, EliteBook ya HP na Latitude ya Dell, zilitengenezwa kwa ofisi na ni ngumu kuliko laptopu mpya ya bei ya chini ya dukani. Tafuta RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na SSD (diski isiyozunguka), hata ya GB 256 inatosha. Usikubali ile yenye diski ya zamani inayozunguka, itakuchosha roho. Halafu tazama namba ya prosesa kwa makini: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita. Ni tofauti kubwa saa hii, manake Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Muuzaji atakwambia hata cha sita inaingia, na ni kweli kuna njia za kuilazimisha, lakini usilipie bei ya kizazi cha nane kwa mashine ya kulazimishwa.

Dukani usiwe na aibu, kaa nayo nusu saa. Fungua Notepad uandike herufi zote na namba zote, kibodi yenye vitufe viwili vilivyokufa inaonekana hapo hapo. Fungua ule ukurasa mweusi wa amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itatengeneza faili na itakuonesha imeihifadhi wapi, ifungue utafute mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity. Kama betri ilitengenezwa na 50,000 na sasa inajaa 22,000, ujue imebaki chini ya nusu, omba apunguze bei au abadilishe. Kisha izime uiwashe ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, uingie BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine. Ikikuuliza paswadi ambayo muuzaji haijui, irudishe, usishawishike. Na mwambie aifanyie riseti mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti, manake kuna mashine zilizokuwa za makampuni ya nje, ukianza kuziseti upya zinakwambia hii ni mali ya kampuni fulani ingia na akaunti ya kazi, na hapo huna laptopu, una sinia. Chukua risiti yenye namba ya mashine (serial number) na muda wa warantii umeandikwa, si "nipigie tu ikisumbua".

Ukishaipata usiibebe kila siku. Iache nyumbani, ya chuo ifanyike nyumbani alfajiri, na siku unayoibeba Ijumaa mkoba ukae kifuani kwenye feri.

Asaimenti mbili zilizopita usiziache zikae. Leo hii, si Ijumaa, waandikie walekchara wote wawili kwa barua pepe ya chuo, na nakala kwa anayesimamia atachimenti. Taja kosi, taja asaimenti, sema ulikuwa kazini na huna kompyuta, usijieleze kurasa tatu, halafu uombe tarehe unayoiweza kweli: "Naomba kupeleka kufikia Jumapili usiku, hata kama itakatwa maksi." Hiyo ya mwisho iandike, manake inaonesha huombi upendeleo. Ambatisha picha ya logibuku yenye sahihi ya supavaiza ya wiki zile mbili, ukiwa umefunika majina ya wateja kwa karatasi kabla ya kupiga, waone kweli ulikuwa kazini. Wakikaa kimya mpaka Ijumaa, nenda ofisini kwao kabla hujaingia maabara, uende na asaimenti moja angalau ikiwa ishaandikwa ndani ya simu. Jibu lao nitumie, na kama bosi amekataa ile saa ya jioni niambie pia, tutazame kampasi ipi iko karibu na njia yako ya feri.